UZI: Lionel Loueke kabla ya "Karibu", miaka ya mwanzo ya mpiga gitaa wa jazz kutoka Benin

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu salaam.

Kila tukigusa magitaa ya jazz, majina ni yale yale: Charlie Christian, Wes Montgomery, George Benson, Pat Metheny. Wanastahili, sibishi. Leo nataka tumjadili mtu ambaye wengi wanamjua kwa kumwona pembeni ya mpiga piano Herbie Hancock jukwaani, halafu wanadhani aliibuka tu. Nitaishia mwaka 2010 hivi. Ya baada ya hapo kila mtu anaweza kuyasikiliza mwenyewe.

Hoja yangu naiweka mezani mapema ili mnipinge vizuri: Loueke hakuibuka. Alipita mikononi mwa watu, mmoja akimpokea kutoka kwa mwingine, na karibu kila kituo alichopita aliondoka na mtu wa kupiga naye. Ukiisoma safari yake kama hadithi ya kijana mwenye kipaji aliyebahatika kuonwa na mkubwa, utakuwa umeikosa.

Amezaliwa Benin mwaka 1973, kwenye familia ambayo mwenyewe huieleza kuwa ya wasomi wasio na fedha. Chombo chake cha kwanza hakikuwa gitaa. Alianza na ngoma na vyombo vya kugonga akiwa na miaka 9, na hapo ndipo pa kuweka alama, nitaparudia. Gitaa alilishika akiwa na miaka 17, kwa kumfuata kaka yake aliyekuwa akipiga. Kwa mtu ambaye baadaye angekuja kukaa bendi moja na mpiga saksafoni Wayne Shorter, miaka 17 ni kuchelewa sana. Metheny akiwa na miaka 18 au 19 tayari alikuwa anawafundisha wenzake chuoni!

Gitaa lake la kwanza lilimgharimu dola 50, na kuzipata kulimchukua mwaka mzima. Nyuzi mpya hakuzimudu, kwa hiyo zilipochakaa alikuwa akiziloweka kwenye siki ili zisafike. Zikikatika, alijaribu kuweka waya wa breki za baiskeli. Amesimulia hayo mara nyingi, na waandishi wanaipenda sana sehemu hii. Mimi naona wanaipenda kupita kiasi. Umaskini haukumfundisha mtu kodi (chord, zile noti zinazopigwa pamoja) hata moja.

Kazi ya kwanza ya kulipwa aliipata kwa njia ya ajabu. Yuko klabu, bendi imepumzika, yeye anashika gitaa na kuanza kupiga. Meneja akasikia, akampa kazi. Huko alikuwa anapiga muziki wa dansi wa Kiafrika, jazz bado. Jazz ilimjia kwa rafiki aliyeleta albamu ya George Benson. Fikiria mtu ambaye ameshajua kushika mdundo mkono wa kulia, ghafla anasikia solo za Benson zinazokimbia kama mtu anayeongea, na Benson mwenyewe anaimba zile zile noti anazopiga. Ukimsikiliza Loueke leo akiimba sambamba na gitaa, huwezi kusema hakuondoka na kitu pale.

Kisha zikaanza shule, tena nyingi. Kwanza Taasisi ya Taifa ya Sanaa nchini Ivory Coast. Mwaka 1994 akahamia Paris, chuo kinachoitwa American School of Modern Music. Kuelekea mwisho wa muongo huo akapata ufadhili wa kwenda Berklee, chuo cha muziki kilichoko Boston. Mwaka 2001 akaingia Thelonious Monk Institute, taasisi ya kufundisha jazz, wakati huo ikiwa Los Angeles katika Chuo Kikuu cha Southern California (siku hizi taasisi hiyo inabeba jina la Herbie Hancock). Shule nne, nchi tatu, mabara mawili ya ugenini. Kuna watu wataguna wakisema huyu ni mwanafunzi wa kudumu.

Sasa angalia alichochuma humo. Berklee alikutana na Massimo Biolcati, mpiga besi mwenye asili ya Italia na Sweden, na Ferenc Nemeth, mpiga drams wa Hungary. Watatu hao wakaanza kupiga pamoja, na wote watatu wakaingia Monk Institute darasa moja. Mle ndani walikuwa pia na mwimbaji Gretchen Parlato, na albamu ya kwanza ya Parlato ya mwaka 2005 ina gitaa la Loueke. Ile bendi ya watatu ikajiita Gilfema, jina lililounganishwa kutoka kwenye majina yao: Gilles (ni jina lake Loueke pia), Ferenc, Massimo. Wakatoa albamu yenye jina hilo hilo mwaka 2005.

Na albamu iliyomtambulisha duniani, Karibu ya mwaka 2008 chini ya lebo ya Blue Note, imepigwa na nani? Biolcati kwenye besi, Nemeth kwenye drams. Lebo kubwa ya namna ile inapokusaini mara nyingi kuna kishawishi cha kukodi majina makubwa kwa kila chombo. Yeye aliingia na wenzake wa chuo, kisha wakubwa wawili wakaja kama wageni: Hancock na Shorter. (Jina la albamu ni la kwetu kabisa ingawa kwao Benin wanaongea Kifon na Kifaransa. Ya mwaka 2010 aliiita Mwaliko. Jamaa ana mapenzi na Kiswahili, sijui nani alimpa.)

Sehemu ya mpiga tarumbeta Terence Blanchard nitaishusha chini, naona watu wameshaanza kuingia.

#2 Mdau

Naweka kambi hapa mkuu. Ila hiyo ya waya wa baiskeli nimecheka. Inawezekana kweli au ni zile stori za kwenye mahojiano?

#3 Mwanzisha uzi

Inawezekana kufunga, kupiga vizuri ndiyo kazi. Sauti ya uzi inategemea vitu vitatu: urefu, uzito na mvutano. Urefu kwenye gitaa umeshapangwa. Waya wa breki ni mzito kuliko uzi wa kawaida wa nafasi ile, kwa hiyo ili ufike kwenye noti ile ile inabidi uukaze zaidi. Ukiukaza, shingo ya gitaa inavutwa na daraja (kile kipande kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa) linabeba mzigo ambao halikutengenezewa. Juu ya hapo ule waya ni mgumu, haukubali kukunjwa na kidole. Kama una gitaa lako usijaribu.

Siki ina mantiki zaidi. Nyuzi za besi zimezungushiwa waya mwembamba, na mafuta ya vidole na uchafu hukaa kwenye mifereji ya ule mzunguko, ndiyo maana sauti inafifia. Tindikali ya siki inalegeza uchafu. Usipozikausha vizuri, kutu inamaliza kazi.

#4 Mdau

Uzi mzuri lakini nakupinga. Unasema hakubahatika tu kuonwa na mkubwa, halafu unamtaja Hancock. Kijana kutoka Afrika anakaa mbele ya jopo la usaili wa Monk Institute lenye Herbie Hancock, wanamchukua, miaka michache baadaye yuko kwenye bendi ya Hancock. Hiyo si kubebwa? Bila Hancock tungekuwa tunamjadili hapa?

#5 Mwanzisha uzi

Hoja nzito, na ndiyo niliyokuwa naisubiri.

Jopo la usaili wa Monk Institute mwaka 2001 lilikuwa na Hancock, Wayne Shorter na Terence Blanchard. Tuwaangalie hao watatu wenyewe walitokea wapi. Hancock aliingia bendi ya mpiga tarumbeta Miles Davis mwaka 1963 akiwa na miaka 23. Shorter alianza na mpiga drams Art Blakey mwaka 1959, akakaa miaka kadhaa, ndipo akaenda kwa Miles mwaka 1964. Blanchard naye alichukuliwa na Blakey mwaka 1982, kijana wa miaka 20 hivi, kujaza nafasi ya mpiga tarumbeta Wynton Marsalis. Yaani jopo zima ni watu waliolelewa kwenye bendi za watu. Jazz ndivyo inavyorithishwa: unakaa nyuma ya mkubwa usiku baada ya usiku, unakosea mbele ya watu, anakuangalia kwa jicho moja, kesho yake unajirekebisha. Hakuna aliyeruka hatua hiyo. Ukiita kubebwa, basi Miles naye alibebwa na mpiga saksafoni Charlie Parker.

Na aliyemchukua kwanza kwenye albamu alikuwa Blanchard. Loueke yuko kwenye Bounce ya mwaka 2003 na Flow ya mwaka 2005, zote za Blue Note. Hapa tusipite haraka, kwa sababu mimi naona ndipo mlango ulipofunguka.

Kwenye Flow, Blanchard hakumtumia kama mpiga gitaa wa kujaza nafasi. Alirekodi tungo zake Loueke, "Wadagbe" na "Benny's Tune". Kiongozi ambaye mwenyewe ni mtunzi, anaandika muziki wa filamu, anaipa albamu yake tungo za kijana wa gitaa! Aliyeisimamia albamu hiyo kama prodyuza ni Hancock. Kwa hiyo hadi Blue Note inatoa Karibu mwaka 2008, lebo ilikuwa imeshaziuza kazi mbili ambazo gitaa lake linasikika, na imeshatoa tungo zake kwa jina la mtu mwingine. "Benny's Tune" hiyo hiyo ikaja kurudi kwenye Karibu. Sikiliza matoleo yote mawili moja baada ya jingine. La Blanchard lina tarumbeta na bendi nzima, la Loueke lina watatu tu na hewa nyingi katikati ya noti. Ni wimbo mmoja uliokua.

Halafu kuna suala la muda. Hancock alitoa River: The Joni Letters mwaka 2007, bendi ikiwa Shorter, Dave Holland kwenye besi, Vinnie Colaiuta kwenye drams na Loueke kwenye gitaa. Februari 2008 ikashinda Grammy ya albamu bora ya mwaka, kwa muziki wote, na ilikuwa mara ya kwanza kwa albamu ya jazz tangu ile ya Stan Getz na João Gilberto miaka 43 nyuma. Karibu ikatoka Machi. Hapo ndipo nakubaliana na wewe kidogo: upepo ulimkuta tanga limeshapandishwa. Lakini tanga alilipandisha yeye na wenzake.

#6 Mdau

Mimi napiga gitaa, naomba niulize kiufundi. Mara nyingi mtu akipita shule nyingi za jazz anatoka anasikika kama kila mtu. Solo safi, kodi zote zipo, sura hakuna. Huyu aliponaje?

#7 Mwanzisha uzi

Swali bora kwenye uzi huu mpaka sasa.

Ndiyo maana niliwaambia mweke alama kwenye ngoma. Mtu aliyeanza na vyombo vya kugonga anaingia kwenye gitaa akitafuta mapigo kwanza, noti baadaye. Loueke anapiga kwa vidole bila piki (kile kipande kidogo cha kuchapia nyuzi). Kidole gumba kinashika mstari wa besi, vidole vingine vinajibizana juu yake, na katikati anagonga mwili wa gitaa. Juu ya hayo anaimba, na anatoa ile milio ya ulimi ya kubofya kama chombo kingine cha mdundo. Anapiga peke yake lakini unahesabu watu watatu.

Halafu kuna karatasi. Anachomeka kipande cha karatasi kati ya nyuzi karibu na daraja. Karatasi inaua mrindimo, noti inakuwa fupi na kavu na ina mkwaruzo kidogo, unasikia kitu cha ukoo wa kalimba. Noti yenyewe haibadiliki, kinachobadilika ni mkia wake. Ukitumia nyuzi za nailoni inapendeza zaidi kuliko za chuma, na yeye amepiga sana magitaa ya nailoni. Kuna wakati anaongeza pedali ya kupandisha na kushusha noti na gitaa linageuka kwaya. Hakuna kozi ya Berklee yenye jina "karatasi".

Kwa hiyo jibu langu: shule zilimpa kile ambacho hakuwa nacho, yaani harmonia, kusoma nota, tungo za kina Coltrane na Monk, na watu. Hazikumpa mkono wa kulia, alikuja nao. Mwanafunzi anayetoka na sura ya kila mtu, mara nyingi aliingia bila yake. Najua nitatukanwa kwa hilo.

Ukitaka kupima, chukua "Seven Teens" kwenye Karibu, ile ambayo Hancock yuko kwenye piano. Imeandikwa kwa mapigo 17. Mtu wa shule angekuonyesha kwamba anajua kuhesabu 17. Mimi ninapohesabu huzigawa 4, 4, 4 na 5 ili nisipotee, na bado mara nyingi napotea. Wao hawaonekani kuhesabu, inatembea kama wimbo wa kuchezeka, na pale unaposubiri mzunguko uishe kuna pigo moja zaidi linakuchelewesha.

#8 Mdau

Umetisha mkuu. Ila mimi nina miaka 27, nimesoma kwamba Benson alitoa albamu akiwa na 21, nikakata tamaa kabisa. Sasa huyu alikuwa na mingapi?

#9 Mwanzisha uzi

Mdogo wangu, hesabu zenyewe ni hizi.

Benson alizaliwa mwaka 1943, albamu yake ya kwanza kama kiongozi ikatoka 1964, baada ya kulelewa kwenye bendi ya Jack McDuff, mpiga ogani. Metheny, wa mwaka 1954, alitoa Bright Size Life mwaka 1976 akiwa na Jaco Pastorius kwenye besi na Bob Moses kwenye drams, naye alikuwa ameshapita kwenye bendi ya Gary Burton. Charlie Christian ndiye wa kusikitisha: alijiunga na bendi ya mpiga klarineti Benny Goodman mwaka 1939 akiwa na miaka 23, kifua kikuu kikamchukua Machi 1942 akiwa na 25. Maisha yake yote ya kurekodi na Goodman hayakufika miaka miwili kamili, na bado kila gitaa la umeme la jazz linamrudia.

Loueke alitoa In a Trance mwaka 2005, peke yake na gitaa, akiwa na miaka 32. Virgin Forest mwaka 2006. Karibu akiwa anaelekea 35. Toka ashike gitaa hadi Blue Note ni miaka 18.

Wewe una 27. Yeye akiwa na 27 alikuwa darasani Boston.

#10 Mdau

Mimi bado niko na aliyepinga pale juu. Mwenye kipaji kama hicho akibaki Cotonou, Benin, bila ufadhili na bila viza hakuna Blanchard wala Hancock. Mnaongelea kurithishana bendi kama vile mlango uko wazi kwa kila mtu.

#11 Mwanzisha uzi

Hapo sina ubishi. Bendi za kurithishana ziko New York, Los Angeles na Paris, na kufika huko ni ada, viza na pango kabla hujapiga noti. Ufadhili wa Berklee ulikuwa mkubwa kuliko tunavyoutaja. Na kwa njia hiyo hiyo umepotea muziki mwingi ambao hatutausikia. Ndiyo maana Mwaliko naiona albamu ya maana kuliko watu wanavyoisema: akishakuwa na jina, anaita Angélique Kidjo wa Benin, Richard Bona wa Cameroon, Esperanza Spalding, Marcus Gilmore, na anakaa nao wawili wawili. Wawili kati ya hao wametoka bara hili, na hawakuletwa kupamba. Wako kwenye kiti kile kile cha mgeni wa heshima ambacho Shorter alikalia miaka miwili kabla.

#12 Mdau

Mkuu tupe mpangilio wa kusikiliza. Mimi jazz inanishinda, nikisikia solo ya dakika sita nalala.

#13 Mwanzisha uzi

Usianze na solo basi. Anza na wimbo "Karibu" wenyewe, una uimbaji na mdundo wa kukushika. Kisha "Benny's Tune", melodia yake inakaa kichwani. Ukishazoea mkono wake, nenda "Skylark", wimbo wa zamani wa Hoagy Carmichael, usikie anavyoutendea mtu ambaye hakuukuta nyumbani kwao. "Seven Teens" iache mpaka hapo.

"Naima" weka mwisho. Ni utunzi wa John Coltrane, na mgeni ni Shorter kwenye saksafoni ya soprano. Wengi wakiipiga hukimbilia kuonyesha wanachojua. Humu Loueke anamwachia mzee nafasi, anaweka kodi mbili tatu na kunyamaza, kisha anaingia pale tu Shorter anapovuta pumzi. Sikiliza kwa spika za simu na utakosa nusu yake, tafuta hata hedifoni za kuazima.

Kuna mtu ameniuliza pembeni kuhusu Gilfema ya pili, ile Gilfema + 2. Ipo, ni ya mwaka 2008 pia, wameongeza klarineti. Nitaisikiliza tena wikiendi nije na maoni, sitaki kuibabaisha.